Vyaelea, Lakini Vimeundwa na Nani?

Nina ugomvi na fasihi yetu ya safari, na leo nataka niuseme hadharani, maana nimeuweka moyoni mpaka umeanza kuota kutu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mwandishi wa Kiswahili akiandika safari ya masafa marefu, huanza pale gari inapotiwa moto. Ukurasa wa kwanza vumbi limeshatimka. Wa pili tumeshapita Segera, dirishani kuna mikonge na watoto wanapunga mikono. Wa tatu mwandishi ameshaanza kuitafakari Afrika. Nani aliyekaza nati za magurudumu? Gari ilikaa juu ya mawe siku ngapi ikisubiri kipuri? Pesa zilitoka wapi, na nani ndani ya nyumba alikosa nini ili zipatikane? Hayo msomaji haambiwi. Gari inazaliwa ukurasa wa kwanza ikiwa na tangi lililojaa, kama farasi wa mwana wa mfalme katika hadithi za bibi.

Na siye watu wa pwani ndio tusio na udhuru kabisa, kwa sababu methali ni yetu: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tunaisema harusini, tunaisema skuli, tunaiandika kwenye kanga. Halafu tukikamata kalamu tunaandika vyaelea peke yake. Vimeundwa tunamwachia fundi, na fundi hana blogu.

Naandika haya nikiwa Gando, wilaya ya Wete, kaskazini magharibi ya Pemba. Ukifika Gando umefika. Mbele yako ni mikoko na bahari. Nyuma ya nyumba yangu pana gereji ambayo nimeijenga kwa miezi kumi na minne, na ndani yake mna Land Rover ya dizeli iliyonizidi umri kidogo. Nia yangu ni kuitoa hapa mpaka Tanga kwa meli, kisha kwa barabara Dodoma, Tabora, mpaka Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kurudi. Ni zaidi ya kilomita elfu moja kwenda tu. Kuanzia katikati ya bara, njia yangu inaandamana na ile ya misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo. Nataka niandike kitabu cha safari hiyo.

Mwaka jana nilimpelekea mhariri mmoja kurasa arubaini za mwanzo. Ni mtu ninayemheshimu, na jina lake nitalihifadhi. Alinijibu kwa upole: "Ndugu yangu, lugha tamu sana. Lakini safari inaanza lini? Naona bado tuko kwenye saruji." Akanishauri nizifanye kurasa arubaini kuwa aya moja, nianzie bandarini Tanga.

Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi. Kila nikiusoma naona kwamba mtu huyu hajakosea peke yake. Amesema kile ambacho sote tumefundishwa kukipenda. Kwa hivyo simjibu yeye. Nawajibu nyinyi, wasomaji wenzangu, mnaosifu kitabu cha safari kwa sababu "kinatiririka".

Kwanza nikwambieni kilichomo kwenye hizo kurasa arubaini, ili tusigombane gizani.

Kuna shimo ambalo halikuchimbwa. Kila gereji ya kisasa unayoiona kwenye picha ina shimo la fundi kusimama chini ya gari. Nilipotaka kupima la kwangu, mzee mmoja jirani, fundi wa mashua tangu ujana wake, alikuja na mkongojo wake akaangalia kamba nilizozivuta, akacheka. "Mjukuu wangu, hapa bamvua likija, shimo hili utafugia kamba." Bamvua, kwa mtu wa bara, ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Ardhi yetu karibu na mikoko inayanywa maji hayo kwa chini, huoni kitu, unashtukia tu shimo limejaa. Basi tukajenga kuta mbili fupi za zege, upana wa tairi na nusu, zenye mteremko kwa nyuma. Gari inapanda juu, fundi anaingia chini akiwa mkavu. Wazo la mzee lilitoka pwani. Mashua hukalishwa juu ya magogo wakati maji yanatoka ili mtu afanye kazi tumboni mwake kabla maji hayajarudi. Gereji yangu ni pwani iliyohamia nyuma ya nyumba.

Kuna bati. Upepo wa hapa una chumvi, na chumvi hailali. Bati jembamba linaanza kutoboka kwenye misumari kabla hujamaliza kulipa deni lake. Kwa hiyo kuna hesabu ya geji ya bati, kuna hesabu ya makuti, na kuna mabishano ya familia nzima kuhusu hesabu hizo. Mama yangu alisema neno lililo sahihi kuliko yote: "Mwanangu, pesa hii ingeezeka jiko langu." Jiko lake linavuja. Bado linavuja ninapoandika. Mwandishi anayeanzia bandarini Tanga hana mama, wala mama yake hana jiko.

Kuna sakafu. Msimu wa karafuu ulipofika, sakafu yangu mpya ya saruji ilikuwa pahala pazuri kuliko pote mtaani pa kuanikia. Jirani hakuomba, alileta majamvi yake. Kwa wiki kadhaa gari ilisimama nje chini ya turubai na gereji ikanukia karafuu, na hakuna aliyeona ajabu, mimi mwenyewe nikiwamo. Ukitaka kuielewa Pemba, aya hiyo itakusaidia kuliko machweo kumi ya jua.

Na kuna daftari. Binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na mitano, ndiye anayeandika kila kinachofunguliwa na kila kinachofungwa. Anaandika hivi: beringi ya mbele kushoto, imetolewa, imeoshwa kwa dizeli, imekaguliwa, haina mkwaruzo, imetiwa grisi mpya, imerudishwa. Tarehe. Jina la aliyefunga. Mtoto huyu hakufundishwa uandishi na mtu. Lakini katika sentensi yake hakuna neno la bure, na kila neno lina mtu wa kulijibia. Nawauliza wahakiki: nyinyi mnaotafuta nathari safi, mmeitafuta wapi?

Sasa nije kwenye hoja zinazotolewa dhidi yangu, maana nimezisikia zote, nyengine barazani, nyengine kwa wasomi.

Ya kwanza: mambo ya gereji yanachosha. Msomaji hataki kusoma habari za nati.

Msomaji yupi? Kitabu cha Robert Pirsig, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 100 kabla ya kutoka mwaka 1974, kisha kikanunuliwa kwa mamilioni. Ni safari ya baba na mwanawe kwa pikipiki, na moyo wake ni swali moja: kwa nini mtu anayejali mambo ya roho anadharau kushika spana? Wasomi wetu wamekisoma, wanakisifu, wanakinukuu. Akitokea mtu Wete akauliza swali hilo hilo kwa Kiswahili, wanamwambia aanzie Tanga.

Tena tuache ya Marekani. Turudi kwetu. Henry Morton Stanley alifika Unguja Januari 1871. Fungua kitabu chake alichokitoa mwaka uliofuata, uone kurasa zinavyokwenda akihesabu merikani na kaniki, shanga za samisami na waya, mizigo, punda, wapagazi. Yule mtu alikuwa na makosa mengi, na mikono yake baadaye ilifanya mabaya makubwa Kongo. Lakini alijua jambo moja la uandishi: ukimwonyesha msomaji jinsi ulivyojiandaa, atakuamini utakapomwambia umefika. Matokeo yake ni nini? Miaka mia na hamsini baadaye, mtoto wa skuli anadhani mzungu ndiye aliyekuwa akipanga safari na sisi tulikuwa tukiongozana tu na njia. Ilhali kila alichokinunua alikikuta sokoni kwetu, kwa vipimo vyetu, kwa ushauri wa watu wetu waliojua kila kabila la njiani linataka shanga ya rangi gani. Elimu hiyo ya kujiandaa ilikuwa ya watu wa pwani na Wanyamwezi. Hawakuiandika, akaiandika yeye, ikawa yake.

Si kwamba hatukuwahi kuandika. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliacha maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu kile kina damu ndani yake, watu waliuzwa, na sikusudii kumsafisha mtu. Lakini kisome uone kinavyohesabu: mali iliyochukuliwa kwa mkopo, frasila za pembe, nani anamdai nani. Hakioni haya kusema kwamba msafara ni deni kabla haujawa safari. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu ratili 70, na kila kitu kilichopakiwa kilikuwa shingoni mwa mtu. Nathari ya Kiswahili ya safari ilianza ikiwa na mizani mkononi. Lini tuliitupa mizani tukabaki na mandhari?

Hoja ya pili, na hii inatoka barazani zaidi: gereji ya nyumbani ni mambo ya wazungu. Mtu wa kwetu gari ikiharibika ataipeleka kwa fundi chini ya mwembe. Wewe umeona kwenye simu, sasa unajifanya.

Hapo ndipo nachemka. Nendeni ufukweni, mwende Gando hii hii au pwani yoyote ya Pemba wanakounda vyombo. Mtu na nduguze wana banda la makuti hatua chache kutoka mlangoni kwao. Ndani mna tezo, msumeno, randa, keekee, patasi. Mbao zinakaushwa kivulini. Pamba inachovywa mafuta na kupigwa kalafati baina ya mbao na mbao. Tumbo la chombo linachomwa kwa moto wa makuti ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, kisha linapakwa shahamu na chokaa. Chombo kikimalizika kinakwenda dago, kinakwenda Tanga, kinakwenda Mombasa. Nambie hiyo ni kitu gani kama si karakana ya nyumbani kabla ya safari ndefu? Karne kwa karne hiyo ndiyo kazi yetu. Mzungu ametia mlango wa chuma unaopanda juu na taa nyeupe, akatuuzia wazo letu kwenye simu, na siye tukaamini ni lake.

Lakini hoja hii inanileta kwenye jambo la lugha, na hapa wasomi hawatanikwepa.

Fasihi yetu haina tatizo na chombo cha baharini. Ushairi wa Kiswahili, tangu enzi za Muyaka wa Mombasa, umejaa bahari, tanga na usukani. Mwalimu atamwambia mwanafunzi kwamba mkuku ni uti wa mgongo wa chombo, mataruma ni mbavu zake, foromali ndiyo inayobeba tanga, na mwanafunzi ataandika pembeni: lugha ya kitamathali. Maneno matamu, sikatai. Lakini yalikuwa maneno ya karakana kabla ya kuwa maneno ya diwani. Yalitoka midomoni mwa watu wenye mikono inayonuka sifa, yale mafuta ya ini la papa, ambao hakuna mshairi aliyetaka kukaa nao karibu kwenye chakula.

Sasa chukua klachi, gasketi, beringi, shokapu, plagi, radieta. Watie katika shairi uone utakavyoambiwa. Lugha ya mitaani. Kiswahili cha kihuni. Kamusi inasema jiliwa, fundi wangu wa Wete anasema vaisi, na wote wawili wanakamata chuma kile kile. Fundi wa gari ana msamiati mpana na sahihi kuliko wengi wetu tunaojiita waandishi. Akisema gari "inakohoa" anajua ni mafuta. Akisema "inapumua nje" anajua ni gasketi. Hizo ni tamathali zinazofanya kazi, zikikosewa injini inakufa. Naamini kabisa neno la fundi wa jahazi limekubaliwa kuwa ushairi kwa sababu fundi mwenyewe ameshakufa, hawezi kuja kudai. Wa gereji yu hai, ana deni la kodi, na anaweza kutusoma. Huyo tunamwogopa.

Mtepe ule wa zamani, ulioshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, tunauimba mpaka leo. Mmoja uliundwa upya ukawekwa ndani ya Beit el Ajaib, Unguja, watu wakawa wanaupiga picha. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib yenyewe iliporomoka, nayo ikiwa katika ukarabati, na roho za watu zikapotea. Nyumba ya maajabu. Tulikuwa tunajua kuisifu. Kuisifu hakukushikilia hata jiwe moja.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na aliyenipa ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana wa Micheweni. Alinambia: "Kaka, unasahau kuna watu hawakujiandaa. Mkimbizi hana gereji. Ukisema safari ni maandalizi, unawafuta wale waliotoka usiku na nguo moja." Kitabu cha Adam Shafi, Mbali na Nyumbani, alinikumbusha, ni cha kijana aliyetoka Zanzibar kutafuta elimu mbali, na utamu wake umo katika kutojua kesho atalala wapi.

Nilikaa nayo siku nyingi hoja hiyo. Pemba hatuhitaji kukumbushwa maana ya kutoka usiku. Mwishoni mwa Januari 2001, baada ya waandamanaji kupigwa risasi na polisi, watu wapatao 2,000 walivuka bahari kutoka kisiwa hiki wakakimbilia Shimoni, upande wa Kenya. Wengi wao hawakupata muda wa kufunga hata mzigo. Hao walisafiri bila ya maandalizi, kweli.

Lakini walivuka kwa nini? Walivuka kwa vyombo. Na vyombo vile vilikuwa vimepigwa kalafati na mtu, wiki au miezi kabla, mtu aliyekuwa akifikiria samaki tu. Yule asiyepata muda wa kujiandaa anaokolewa na maandalizi ya mwengine. Ukiandika uvukaji ule ukamsahau aliyekalafati, umeandika muujiza, na watu hawakuokolewa kwa muujiza. Kwa hivyo, mdogo wangu wa Micheweni, mkimbizi hanipingi. Yeye ndiye shahidi wangu mkubwa.

Na nina shahidi mwengine, ambaye singependa kumwita.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena. Hakuna kijiji cha kisiwa hiki ambacho hakikuweka matanga. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja.

Tuliomboleza, na tuliomboleza kwa lugha nzuri. Tuliandika bahari katili, tukaandika mawimbi yaliyomeza vipenzi, tukaandika kadari. Kadari ya Mwenyezi Mungu sina neno nayo. Lakini bahari ya Nungwi usiku ule ilikuwa bahari. Aliyehesabu abiria ni mtu. Aliyekagua, au aliyesaini bila ya kukagua, ni mtu. Kwenye maombolezo yetu watu hao hawamo, kwa sababu hatuna mazoea ya kuandika kile kinachotokea kabla kamba haijafunguliwa gatini. Fasihi yetu ilikuwa imeshatufundisha kwamba chombo kipo tu, kinaelea, na habari inaanza kikishaondoka. Tukaingia melini kama tunavyoingia kitabuni, bila ya kuuliza.

Hii ndiyo sababu nimekasirika kuliko inavyostahiki mtu aliyeambiwa apunguze kurasa arubaini. Sidai kwamba kitabu kingezuia meli isizame. Nasema watu waliozoea kusoma "vimeundwa" wanajifunza kuuliza. Na watu wanaouliza ni tabu kuwapakia kupita kiasi.

Mzee fundi wa mashua aliniambia siku moja, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ananiangalia nikifunga breki: "Mie bahari haijanitisha. Kinachonitisha ni msumari aliopiga mtu mwengine, sijauona." Kisha akaniambia nifungue nilichofunga ili akione, na yeye gari hajawahi kuendesha maishani mwake. Nikafungua. Akatazama, akagusa, akaguna, akasema sawa, funga. Hiyo ilinichukua saa nzima, na katika kitabu inachukua kurasa mbili. Ndizo mhariri alizoziandikia pembeni "ondoa".

Sitaziondoa.

Sijengi gereji ili nionekane shujaa atakayetoka peke yake kuishinda nchi. Land Rover hii ya Gando itapanda meli kabla haijagusa barabara ya bara. Huko, namba za Zanzibar peke yake zilikuwa kwa miaka mingi kwenye orodha ya kero za Muungano, na makaratasi yake nayo yana sura yake katika kitabu changu. Msafiri wa kisiwani hatoki peke yake. Anatoka na fundi wa mashua, fundi wa Wete, mama mwenye jiko linalovuja, jirani mwenye karafuu, na msichana mwenye daftari. Anayewakata hao ili hadithi itiririke anawaibia kazi yao na kumwekea msafiri jina lake juu yake. Kwa Kiswahili cha kawaida huo ni wizi.

Basi nataka nini? Nataka wahariri waache kuuliza safari inaanza lini, waulize imelipiwa na nani. Nataka wahakiki, hasa wa humu mnamoandika vizuri, mkipokea kitabu cha safari muangalie kama mna mtu ndani yake mwenye mikono michafu na mwenye jina. Nataka walimu wa fasihi wampeleke mwanafunzi gereji siku moja, asikilize fundi anavyoielezea injini, kisha ndiyo wamfundishe tashihisi. Na nataka waandishi wenzangu wa visiwani tuache kuimba majahazi ambayo hatujawahi kuyapiga kalafati. Tuimbe, lakini kwanza tukamwulize fundi mbao imekauka kwa miezi mingapi.

Gari yangu inaondoka vuli ikipita, Mungu akijaalia. Jiko la mama linaezekwa kabla ya hapo, kwa bati lililobaki. Hilo tumeshakubaliana, na limeandikwa kwenye daftari. Kurasa zangu za mwanzo zilikuwa arubaini, sasa zimefika sitini na tatu. Nimeshampelekea mhariri. Akiniuliza tena safari inaanza lini, jibu lake limo ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, pale ninapomwaga zege la msingi.